Huda Zoghbi: kwa nini jeni ya SCA1 ilipatikana 1993 na ya Rett ikasubiri hadi 1999?

mzamili_bio ameuliza:

Wakuu, salaam. Nina semina ya vinasaba vya magonjwa ya mfumo wa neva, na mada niliyopewa ni kazi ya Huda Zoghbi wa Baylor College of Medicine, Houston. Wasifu wake ninao. Amezaliwa Beirut 1954, ameanza udaktari American University of Beirut, vita vya Lebanoni vikampeleka Marekani, akamaliza Meharry Medical College 1979. Baadaye akasomea tiba ya watoto na ya neva pale Baylor, kisha akaingia maabara ya Arthur Beaudet kujifunza jenetiki. Hayo yanapatikana popote.

Ninapokwama ni hapa. Mtoto wa kwanza mwenye Rett (sindromu inayomrudisha mtoto nyuma kimaendeleo) alimwona 1983. Ataksia ya SCA1 (ugonjwa wa kurithi wa kupoteza mizani) aliianza miaka hiyo hiyo ya themanini. Jeni ya SCA1 ikapatikana Aprili 1993, lakini MECP2 ya Rett ikaja 1999. Mtafiti ni yule yule na zama ni zile zile. Tofauti imetoka wapi?

La pili: kipimo cha marudio ya CAG (herufi tatu za DNA zinazojirudia mfululizo) hufanywaje mezani, na huharibikia wapi? Msimamizi wetu haridhiki na jibu la "tulifanya PCR" (kunakili kipande cha DNA mara nyingi). Naomba namba.

---

Kromosomu6 amejibu:

Tofauti ni familia. Mengine yote yanafuata hapo.

SCA1 husababishwa na jeni tawala: nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Dalili kwa kawaida huanza utu uzimani, mtu akiwa ameshazaa. Kwa hiyo unapata koo zenye wagonjwa vizazi vitatu hadi vinne, na hiyo ndiyo malighafi ya kutafuta jeni kwa urithi. Hesabu yake ni nyepesi. LOD ni kipimo cha ushahidi wa kurithiwa pamoja; ikiwa 3 maana yake uwezekano kwamba alama ya DNA (mahali pa kromosomu panapotofautiana kati ya watu) na ugonjwa vinasafiri pamoja ni mara 1,000 kuliko kutosafiri pamoja. Kila mtoto anayeweza kuhesabiwa, ambaye kwake alama haijaachana na ugonjwa, anaongeza log ya 2, yaani 0.301. Watoto kumi wa aina hiyo wanakupa 3.01. Ukoo mmoja mkubwa unaweza kumaliza kazi.

Tena hawakuanzia gizani. Tangu miaka ya sabini ilijulikana kwamba baadhi ya koo za ataksia hurithi ugonjwa sambamba na HLA (jeni za kinga ya mwili), kwenye mkono mfupi wa kromosomu 6. Zoghbi na wenzake walithibitisha hilo katika ukoo mkubwa, wakachapisha 1988. Kisha akaungana na Harry Orr wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kubana eneo: unamtafuta mgonjwa ambaye kromosomu yake imekatika na kuungana upya kati ya alama mbili, unasogeza mpaka, unarudia. Walifika kwenye kipande cha takriban besi (herufi za DNA) milioni 1.2 kati ya alama D6S274 na D6S89, wakakifunika chote kwa vipande vya DNA ya binadamu vilivyotunzwa ndani ya hamira.

Hapo wakati ukawasaidia. Mwaka 1991 ilionekana kwamba ugonjwa wa Kennedy unatokana na CAG iliyorefuka, na kwamba sindromu ya X dhaifu nayo inatokana na marudio ya herufi tatu. Mwaka 1992 ikafuata distrofia ya mayotonia, na Machi 1993 Huntington. SCA1 nayo huwahi zaidi kwa watoto kuliko kwa wazazi, tabia ile ile ya marudio yanayorefuka yanaporithishwa. Kwa hiyo badala ya kusoma jeni zote za eneo hilo, walitafuta vipande vyenye marudio. Maabara zote mbili ziliona urefu usio wa kawaida siku moja, 8 Aprili 1993, na wakachapisha pamoja Julai katika Nature Genetics.

Sasa geukia Rett. Zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa wako peke yao katika familia zao. Ni wasichana, wanarudi nyuma kimaendeleo kati ya miezi 6 na 18, na wengi hawazai. Jaribu kukokotoa LOD ya watu hao, hupati kitu.

Kilichobaki ni kuondoa. Chukua mama mwenye mabinti wawili wagonjwa kwa baba tofauti. Kama jeni iko kwenye X, basi mabinti wote wawili wamepokea kipande kile kile cha X ya mama mahali penye jeni. Unapima alama kuanzia ncha hadi ncha. Popote walipopokea vipande tofauti, unapafuta. Kwa familia chache sana za namna hiyo, zilizokusanywa kwa miaka, eneo lilibaki ncha ya mkono mrefu, Xq28. Tatizo ni kwamba Xq28 imejaa jeni, na hakuna njia ya kubana zaidi bila familia nyingine. Ikabidi kupima jeni moja baada ya nyingine.

Ruthie Amir, katika maabara ya Zoghbi, alipofika kwenye MECP2 alipata mabadiliko kwa wagonjwa 5 kati ya 21 wasio na ndugu mgonjwa, pamoja na mabinti wawili wa mama mmoja. Ikatoka Oktoba 1999.

Kuna mtego ambao msimamizi wako anaweza kuutumia. Mama wa mabinti wale wawili alipopimwa hakuonekana na mabadiliko hayo. Tafsiri yake ni kwamba yalikuwa kwenye sehemu ya mayai yake tu. Maana ya hilo: kama ungemtumia dada yao mzima kufuta maeneo, kwa hoja kwamba "huyu ana kipande kile kile cha X na haumwi, basi jeni haipo hapo", ungefuta eneo lenyewe la jeni. Katika hali hiyo wagonjwa ndio wa kulinganishwa, wazima unawaacha pembeni.

---

methyl_CG amejibu:

Naongezea kwa Kromosomu6, maana familia hazielezi yote. Protini ya MeCP2, zao la jeni ya MECP2, ilikuwa inajulikana tangu 1992, imetoka maabara ya Adrian Bird, na kufikia 1996 jeni yake ilishawekwa kwenye Xq28. Yaani ilikuwa kwenye orodha. Lakini ilionekana mtuhumiwa dhaifu kwa sababu mbili. Kwanza, iko katika tishu karibu zote, na Rett ni ugonjwa wa ubongo. Pili, jaribio la 1996 la kuiondoa kwenye seli za panya lilitoa viini vilivyokufa kabla ya kuzaliwa. Ukisoma hayo mawili pamoja, unasema huyu akiharibika mtoto hazaliwi kabisa, kwa hiyo siye. Panya walioondolewa jeni hii kwa njia nyingine na kuzaliwa hai walikuja 2001.

Kwenye semina weka hili pia, watu hulikosea: kwa nini wasichana? Jibu la vitabuni ni kwamba wavulana hufa tumboni. Si jibu kamili. Mabadiliko mengi ya MECP2 ni mapya na huanzia kwenye mbegu za baba. Baba humpa binti X, mwana humpa Y. Kwa hiyo mwana hapati nafasi ya kuupokea ugonjwa kwa njia hiyo. Wavulana wachache wenye mabadiliko makali huzaliwa, na huwa na ubongo ulioathirika vibaya sana kuanzia uchanga.

Tena mabadiliko yenyewe si ya kubahatisha. Manane, yaani R106W, R133C, T158M, R168X, R255X, R270X, R294X na R306C, yanabeba zaidi ya nusu ya wagonjwa, na yote ni C kugeuka T mahali C inapofuatwa na G. C hiyo ikiwa na methyl (kibandiko kidogo cha kemikali) hugeuka T kwa urahisi. MeCP2, protini inayoshika C zenye methyl, inaharibiwa na C zenye methyl. Mzaha mchungu wa maumbile.

---

Benchi_na_Pipeti amejibu:

Nachukua swali la pili.

Damu: mililita 3 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Heparini usiiguse, inazuia Taq, enzimu inayonakili DNA, na unaweza kupoteza wiki nzima ukidhani praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) ni mbovu. DNA ikishatoka, uwiano wa 260/280 (wa ufyonzaji wa mwanga, dalili ya usafi) uwe karibu 1.8.

PCR ya kawaida kwanza. Praima mbili pande zote za marudio, moja ikiwa na rangi inayong'aa. Mchanganyiko wa mikrolita 25, DNA nanogramu 50. Marudio ya CAG yamejaa G na C, kwa hiyo nyuzi hushikana zenyewe. Weka betaini mola 1, au DMSO asilimia 5. Ukipita asilimia 10 ya DMSO, Taq inalala. Joto: 95 °C dakika 5 (10 kama enzimu yako ni ya kuamshwa kwa joto), kisha mizunguko 35 ya 95 °C sekunde 30, joto la praima zako sekunde 30 na 72 °C dakika 2. Zile dakika 2 ni kwa ajili ya aleli (nakala ya jeni) ndefu. Mwisho 72 °C dakika 30. Hatua hii ya mwisho wengi huikata kuokoa muda, halafu wanaona kila kilele kimegawanyika viwili vyenye tofauti ya besi moja. Ni kwa sababu Taq huongeza A moja mwishoni, na bila muda wa kutosha nusu ya vipande huikosa.

Punguza ukali wa zao la PCR mara 10 hadi 50, chukua mikrolita 1 ndani ya mikrolita 10 za formamidi pamoja na kipimio cha ukubwa, pitisha kwenye mashine ya kapilari. Ukipakia nzito, rangi moja inamwagikia nyingine na unapata vilele vya uongo.

Makosa ya kusoma ndiyo yanayoumiza wagonjwa, kwa hiyo nayakawilia.

Kilele huja na vidogo vyake kushoto, kila kimoja kikipungua herufi tatu, kwa sababu Taq huteleza. Unahesabu kile kirefu zaidi. Pia vipande vya CAG hukimbia haraka kidogo kuliko DNA ya kawaida ya urefu ule ule, hivyo ukikokotoa marudio moja kwa moja kutoka kwenye besi za mashine utapata namba ndogo kuliko halisi, na kosa huongezeka kadiri aleli inavyorefuka. Dawa yake ni sampuli tatu au nne ambazo marudio yake yameshasomwa kwa mpangilio, upitishe pamoja kila mara.

Kilele kimoja tu kikitokea, usiandike kwamba aleli zote ni sawa. Kuna maelezo matatu: ni sawa kweli, au ya pili ni ndefu mno na ile fupi imeshinda mashindano ya PCR, au chini ya praima kuna herufi iliyobadilika na aleli moja haikushikwa. Hapo unaingia PCR ya praima tatu: praima ya pembeni yenye rangi, praima inayoshika popote ndani ya marudio ikiwa na mkia wa ziada, na praima ya tatu inayofanana na mkia huo. Ile ya ndani iwe kidogo, moja kwa kumi ya ile ya mkia, iishe mapema ili isiendelee kufupisha mazao. Aleli ndefu inaonekana kama ngazi ya vilele vya herufi tatu tatu, inayoshuka taratibu na kupita mpaka wa kawaida. Ya kawaida hukatika mapema.

SCA1 ina jambo la peke yake. Aleli za kawaida nyingi zina CAT moja hadi tatu katikati ya CAG. Hizo CAT ndizo zinazozuia marudio yasirefuke ovyo. Mipaka inayotumika: hadi 35 ni kawaida, 36 hadi 44 ni kawaida kama zina CAT, 39 na zaidi bila CAT ni ugonjwa. Kwa hiyo mtu mwenye 41 huwezi kumpa jibu kwa urefu peke yake. Kata zao la PCR kwa enzimu ya SfaNI, ambayo hutafuta GCATC. CAGCATCAG inayo, CAG tupu haina. Weka kwenye 37 °C saa moja hadi mbili. Kilele kikihamia upande wa vifupi, CAT ipo. Kikibaki palepale, haipo. Sasa angalia mtego: enzimu iliyokufa nayo huacha kilele palepale. Bila sampuli ya kawaida inayojulikana kukatika, iliyowekwa siku ile ile, utamwambia mtu mzima kwamba ni mgonjwa. Hakiki pia kama praima zako hazikuzunguka GCATC nyingine nje ya marudio.

Ndani ya PCR ya praima tatu CAT huonekana kama pengo kwenye ngazi. Ikiwa karibu na mwisho inaweza kuificha ngazi nzima, kwa hiyo endesha kutoka pande zote mbili.

Usomaji wa mpangilio wa vipande vya besi 150 haukusaidii hapa. Marudio 50 ni besi 150, kipande kizima kinakuwa CAG tupu na programu haijui kikae wapi. Vipande virefu ndiyo, vifupi kwa uchunguzi wa awali tu.

---

Daktari_wa_Pwani amejibu:

Mezani mmemaliza. Niseme kuhusu kabla ya mezani, kwa wanaofanya kazi huku kwetu.

Wagonjwa watatu nyumba moja si ushahidi wa jeni. Konzo hukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla, hutokea kwa wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na huzikamata familia kwa sababu familia hula sufuria moja. Ilitokea Tarime 1985 wakati wa ukame, na huko Kongo konzo bado ipo. Inafanana na ukakamavu wa kurithi wa miguu, ila konzo hufika kilele chake ndani ya siku chache na kusimama hapo, na ule wa kurithi huongezeka polepole kwa miaka. Vivyo hivyo watoto wa Mahenge wenye kusinzia kichwa: ndugu kadhaa huugua, na kinachohusishwa ni minyoo inayoenezwa na usubi wa kando ya mito yao.

Rudi kwenye hesabu ya Kromosomu6. Ukimhesabu mgonjwa mmoja wa konzo asiyebeba alama hiyo kama mgonjwa wa jeni, LOD kwa umbali wa sifuri kati ya alama na jeni inaanguka hadi hasi isiyo na mwisho. Mtu mmoja anabomoa kumi. Ndiyo maana daktari wa neva anayempima kila mwanaukoo kwa mkono wake ana thamani kuliko mashine, na Zoghbi alikuwa daktari wa neva kabla ya kushika pipeti.

Jambo jingine. Mgonjwa Mwafrika mwenye mwili unaochezacheza bila hiari, akili inayopungua na mzazi aliyeugua vivyo hivyo, kipimo cha Huntington kikitoka safi, usifunge faili. Omba JPH3, kromosomu 16. Ugonjwa huo unaofanana na Huntington ulielezwa 2001 na umepatikana karibu wote kwa watu wenye asili ya Afrika. Afrika Kusini wanaufahamu vizuri. Marudio 28 na chini ni kawaida, kuanzia 40 ni ugonjwa. Maabara nyingi za nje haziuweki kwenye kifurushi chao hadi uandike.

---

mzamili_bio ameandika tena:

Asanteni sana, wakuu. Swali dogo la nyongeza: baada ya 1999, kwa nini isiwe rahisi tu, jeni imeharibika, ingiza nzima?

---

methyl_CG amejibu:

Kwa sababu ya kipimo. Maabara ya Zoghbi ilionyesha 2004 kwamba panya mwenye MeCP2 mara mbili ya kawaida naye anaugua mfumo wa neva. Mwaka uliofuata wavulana wenye nakala mbili za eneo hilo walielezwa, na sasa ni ugonjwa wenye jina lake. Ikipungua ugonjwa, ikizidi ugonjwa.

Halafu fikiria binti mwenye Rett. Katika kila seli X moja imezimwa. Takriban nusu ya nyuroni zake zina MeCP2 nzima na nusu hazina kabisa. Virusi vinavyobeba jeni haviwezi kuchagua. Nyuroni iliyokosa ikipokea nakala moja, imepona. Jirani yake mzima akipokea, amezidi. Na virusi havigawi nakala sawasawa, seli moja inaweza kupata kadhaa. Kwa hiyo kazi ya sasa ni ya kutengeneza vidhibiti vinavyoizima jeni iliyoongezwa pale protini inapotosha.

Upande wa kuzidi ni mwepesi kidogo. Mwaka 2015 maabara hiyo hiyo ilitumia vipande vifupi vya DNA vinavyoshika RNA ya MECP2 na kuipunguza, na panya wakubwa wenye nakala ya ziada wakarudi katika hali nzuri. Uwezekano wa kurudi nyuma kwa Rett yenyewe ulionyeshwa na kundi la Bird 2007, walipoiwasha tena jeni ndani ya panya aliyekwisha kuugua.

---

Benchi_na_Pipeti amejibu:

Kama utaonyesha kipimo cha MECP2 kwenye slaidi, jeni ina eksoni nne (vipande vinavyobaki katika ujumbe wa jeni) na vipimo vya mwanzo viliiacha ya kwanza kwa sababu ilidhaniwa haibebi maelezo ya protini. Mwaka 2004 ikaonekana aina kuu ya MeCP2 katika ubongo huanzia humo humo. Ni nzito kwa G na C, kwa hiyo usomaji wa eksoni zote mara nyingi huipitia kwa kina kidogo: fungua faili uangalie kina chake kabla ya kuandika "hakuna mabadiliko". Na kusoma herufi hakuoni eksoni nzima iliyofutika wala iliyojirudia, hizo zinahesabiwa kwa MLPA, kipimo cha idadi ya nakala za kila eksoni. Ripoti ya msichana mwenye dalili zote za Rett isiyo na MLPA haijakamilika, irudishe maabara.